Shangazi, ameniambia cha bure ni cha bure

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku na usingizi umegoma. Picha ileile waliyoicheka iko mbele yangu, nimeikuza hadi asilimia 400, natazama pikseli, vile vinukta vya picha, kana kwamba zitajirekebisha zenyewe.

"Cha bure ni cha bure." Ndivyo mwalimu wangu wa kuhariri picha alivyoitukana GIMP, programu ya bure ninayotumia, mbele ya watu! Na ni yeye aliyenifundisha leya ni nini, yale matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine, na siku zile hakuwa na neno na GIMP.

Sikuichagua kwa ubahili, naomba uelewe hilo kabla ya yote. Anayeanza anataka nini? Kupunguza kingo, kunyoosha picha iliyoegemea upande, kuinua mwanga bila kuunguza mawingu, kufuta kipele, kubadili ukubwa. Yote yamo. Leya zimo, maski za kuficha sehemu ya leya bila kuifuta zimo. Waliolalamika kwamba ukishatia ukungu kwenye leya ndiyo basi, huwezi kuuondoa, walikuwa na haki yao zamani. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linakiacha kichujio, kama huo ukungu, kikae juu ya leya, unakizima au unakibadilisha hata wiki ijayo. Yeye anaikumbuka ile ya kale, na ndiyo anayoitukana.

Na ile picha waliyoicheka haikuharibiwa na programu. Hapa ndipo panaponichoma. Nililetewa picha yenye upana wa pikseli 800, ikatakiwa ijaze karatasi ya A4. A4 ya kuchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inataka 2480 kwa 3508. Hizo 800 ukizitandaza kwenye inchi nane na ushee unabaki na kama 97 kwa inchi, sasa kingo za herufi zitaacha vipi kufanya ngazi? Programu yoyote, ya kulipia au ya bure, hapo inabuni pikseli za kujazia, haikirudishi ambacho hakikuwepo. Ni kweli pia kwamba niliitoa kama JPEG, nikaifungua hiyohiyo JPEG, nikarekebisha, nikaitoa tena, mara nne au tano, na kila mara inamomonyoka kidogo. Ningefanya kazi kwenye XCF, faili la GIMP lenyewe lisilopoteza kitu, JPEG nikaitoa mara moja tu mwishoni. Hilo nalikubali. Basi angesema hilo, si kusema cha bure ni cha bure.

Najua na lile faili la PSD, aina ya faili ya Photoshop, ile programu ya kulipia, atalitaja. Lilikuja na maandishi yaliyo hai, na nembo iliyofungwa na asili yake ndani ili ikuzwe bila kupoteza ukali. Nililifungua kwangu, nikalitoa tena kama PSD, maandishi yakarudi yamekuwa picha, huwezi kubadili hata herufi moja. Nembo vilevile. Na nilikuwa nimehifadhi juu ya faili la asili, nakala sina. Sawa. Lakini Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari bila malipo zaidi ya kuvumilia matangazo, huyaacha maandishi ya PSD yakiharirika. Kwa hiyo hata hapo kosa halikuwa la bure kuwa bure, nililipeleka faili mahali pasipo pake.

Mwenzangu mmoja alinipa nakala ya wizi ya Photoshop. Nimekataa. Vitu vya namna hiyo mara nyingi huja na virusi, na aibu niliyonayo inanitosha.

Sasa usinicheke. Siku sita zilizopita nilijiandikisha majaribio ya Photoshop, yale ya siku 7, na kadi nimeshaiweka. Ni tamu, Shangazi! Unabonyeza mara moja, inamchagua mtu pamoja na nywele zake, kazi ambayo kwangu ni nusu saa ya kuchora njia na kusafisha maski kwa brashi ndogo. Marekebisho ya rangi yanakaa kama leya zenyewe. Masomo mengi ya wanaoanza yanafuata menyu zake, hupotei. Ila tangu 2013 unakodisha, hununui. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa na PSD zako zinabaki kutafuta pa kufunguliwa. Na ule mpango wenye bei ya kuvutia ya kila mwezi, ukisoma maandishi madogo, ni mkataba wa mwaka unaolipwa kidogokidogo: ukiuvunja baada ya siku 14 unadaiwa nusu ya kiasi kilichobaki. Upo wa mwezi kwa mwezi wa kweli, lakini mwezi wake ni ghali zaidi.

Mimi nahariri picha tatu au nne kwa wiki. Kulipia kwa kazi hiyo ni kukodi lori kubebea ndoo moja. Hata nikichoka na GIMP, ipo Affinity, programu nyingine ya kuhariri picha, iliyokuwa ya kununua mara moja na tangu Oktoba 2025 ni bure. Kwa hiyo usiniambie nilipie.

Lakini ukiniambia nighairi, kesho nitarudi pale na cha bure changu, naye atakuwa amekaa palepale. Nimewaza nilipie huo mwezi mmoja tu, nimtumie PSD moja safi, maandishi yote hai, kisha nijitoe. Ni ujinga? Majaribio yanaisha kesho kabla ya adhuhuri, nikinyamaza kadi inakatwa.

Ukiichapisha barua hii tafadhali usitaje GIMP, atajua ni mimi.