Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kutafuta Tatizo Mama

Ndugu wanachama wenzangu, walimu, wazazi, na nyie vijana mliopita kwenye timu zetu mkarudi kutusaidia, habari zenu na poleni na majukumu. Mambo ya fedha mweka hazina atayasoma mwenyewe, mimi naongelea kazi, na kuna sehemu moja nitakaa sana naomba mnivumilie.

Kwa waliojiunga juzijuzi, huu utaratibu wetu wa kuwafundisha watoto kutatua matatizo kwa hatua asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa elimu E. Paul Torrance na mke wake Pansy walianzisha mashindano ya wanafunzi ya kutatua matatizo ya miaka ijayo, huko Athens, jimbo la Georgia. Timu ni watoto wanne, wanapewa habari ya tatizo na masaa mawili, wanaorodhesha changamoto mpaka 16, wanachagua ile moja iliyozibeba nyingine, wanatoa mawazo ya suluhisho mpaka 16, wanaweka vigezo vitano, wanayapima yale mawazo bora kwa vigezo hivyo, alafu wanaandika mpango wa utekelezaji. Hatua sita basi. Baadae ukaongezwa upande wa miradi ya jamii, timu haiishii kwenye karatasi, inaenda kufanya kitu pale pale inapoishi. Sisi hapa Morogoro tumezichukua zile hatua tunazifundisha kwa Kiswahili, na bahati nzuri nchini tangu 2011 wapo Young Scientists Tanzania wanaowapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kuonyesha tafiti zao, kwaiyo mtoto akianza kwetu akiwa shule ya msingi ana pa kuendelea.

Mwaka huu nguvu kubwa tuliiweka hatua ya pili, ile watoto wanaita tatizo mama. Sababu ni kwamba tuligundua timu zetu nyingi zinakuja siku ya kwanza na suluhisho mkononi, alafu ndo zinatafuta tatizo la kulipachika.

Timu moja ya darasa la sita, wasichana watatu na mvulana mmoja, upande wa Kihonda, walikuja na jambo la watoto kutonawa mikono wakitoka chooni. Tayari wameshachora kwenye manila tanki la lita 1000 na koki zake nne. Mwalimu wao, mwanachama mwenzetu, hakuwakatalia, aliwauliza tu, ivi vile vibuyu chirizi vya hapa shuleni, yale madumu ya kunawia kwa kukanyaga kijiti, viliishia wapi? Maana vilikuwepo, nyuma ya ofisi ya walimu, madumu yamekauka na kamba za kukanyagia zimekatika. Watoto wakaliweka manila pembeni. Wakarekebisha viwili vikafanya kazi, alafu wiki nzima kila mapumziko wanakaa wawili wawili chini ya mwarobaini na daftari, anayetoka chooni kistari, anayenawa kistari.

Hilo daftari nimelishika mimi mwenyewe. Limelowana pembeni, vistari vimefungwa tano tano kama wauza mkaa wanavohesabu magunia, na ukurasa wa tatu mtoto kaandika kwa penseli "wote wanakimbia kengele". Jibu likawa hapo. Kutoka chooni kwenda madarasani njia inapita upande mwingine kabisa, anayetaka kunawa lazima azunguke jengo zima, kengele imeshalia na mwalimu wa zamu kasimama mlangoni, sasa mtoto wa darasa la kwanza atazunguka saa ngapi? Maji yalikuwepo, bomba la shule lilikuwa linatoa. Tatizo mama lilikuwa ni mahali vilipofungwa, na la pili yake hakuna mtu aliyewahi kupewa zamu ya kujaza.

Wakachimbia nguzo mpya kandokando ya ile njia, viwili wakavifunga chini kwa kimo cha wadogo, madumu ya mafuta ya kula wakaleta kutoka nyumbani. Sabuni zilikuwa zinapotea kila siku, wakaziweka ndani ya soksi kuukuu wakazifunga fundo, unasugua soksi inatoa povu na hakuna anayetamani kuiba soksi. Ratiba ya kujaza ikaenda kwa madarasa. Alafu wakamfuata mwalimu mkuu na daftari lao wakamuomba kengele iwe mbili, ya kwanza ya kujiandaa na ya pili ya kuingia, na mwalimu mkuu akakubali. Nilipita pale baada ya likizo ya Juni bila kuwaambia, nikakanyaga kijiti, maji yakatoka, na soksi ilikuwa mbichi. Kwa kweli nilifurahi mno.

Timu ya sekondari haikufanikiwa. Walitengeneza mkaa mbadala wa pumba za mpunga, wakajitahidi sana, wakaanika, wakapeleka kwa mama lishe, na mama lishe wakawaambia unachelewa kushika moto na wao saa kumi na mbili asubuhi wateja wa chai wameshafika. Vijana walivunjika moyo. Lawama hapo ni yetu sisi walezi, tulitakiwa kuwapeleka kwa mama lishe mwezi wa kwanza sio mwezi wa sita. Wameomba kurudi nao tena, waanzie jikoni kwa hao mama, na kamati imewakubalia.

Kuna jambo limeniuma. Tulipeleka timu kwenye mashindano fulani nje ya mkoa, zawadi ikaenda kwa modeli iliyopakwa rangi vizuri ambayo watoto walioileta walishindwa kueleza imefanyaje kazi, na daftari la watoto wetu majaji hawakulifungua hata ukurasa mmoja. Sitaki yatokee kwenye mashindano yetu. Kamati inapendekeza nusu ya alama zitoke kwenye daftari la kazi, majaji waongee na watoto peke yao mwalimu akiwa nje, na modeli ya kutengenezewa na fundi isipokelewe. Wazazi nawaomba sana, najua mnawapenda watoto wenu, ila ukimchorea bango usiku wa kuamkia mashindano umemnyang'anya kazi yake.

Ratiba nayo tuibadilishe. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, na sisi tumekuwa tukiweka mashindano katikati hapo, tunapoteza timu nzuri kila mara. Napendekeza miradi yote ifungwe mwisho wa Julai.

Walimu walezi wanakuja Jumamosi kwa nauli yao wenyewe, wengine wanapanda bajaji mara mbili, na bado wananunua manila na maka peni. Naomba mkutano upitishe warudishiwe nauli, hata kabla hatujaongelea tisheti.

Fomu za kusajili timu ziko kwa katibu. Wale watoto wa vibuyu Januari wanaingia darasa la saba, wameomba daftari lao wawaachie wa darasa la tano, na wameomba tuwanunulie hao wadogo lingine jipya kwa sababu lile limeshajaa.