Peugeot 504 au Fielder? Jibu la Gereji

Swali hili huletwa na mtu aliyeona 504 kuukuu ikiuzwa kwa bei tamu: si afadhali chuma hiki kizito kuliko bati jepesi la magari ya siku hizi?

Heshima yake tunaijua. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hata baada ya saluni yake kuachwa kuundwa kule kwao mwaka 1983. Springi zake ndefu bado humeza mashimo kuliko Toyota Fielder yoyote tuliyoiendesha.

Injini yake ikianza kukohoa, fundi ana sehemu chache za kutazama: kabureta, plagi, koili, platini (vidude vinavyofunga na kukata umeme wa plagi). Platini zikiungua unazipiga msasa kando ya barabara, unaacha nafasi ya takriban milimita 0.4, unafika nyumbani. Ila baada ya muda utazigusa tena, na vali nazo zitataka kupimwa, na grisi, na choki ya kuwashia injini ikiwa baridi. Muuzaji hilo halisemi.

Fielder hukaa miezi bila kudai chochote zaidi ya oili, kisha asubuhi moja taa ya injini inawaka. Hapo kubahatisha ni hasara. Kompyuta hutupa namba ya kosa, haitupi jina la kipuri cha kununua. Namba inayolalamikia sensa ya oksijeni huenda imeletwa na hewa inayovuja kwenye manifodi (mabomba yaliyoshikana na injini), na wapo wateja waliobadilisha sensa isiyo na kasoro, wakapoteza pesa. Ada yetu ya kupima ni ya kazi hiyo ya kufuatilia. Jingine ni gia: Fielder nyingi za kuanzia mwaka 2012 ni CVT (gia otomatiki inayotumia mkanda), na oili yake ni ya pekee. Ukitia ile ya kawaida ya gia otomatiki kwa kuwa ni rahisi, mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza, na utanunua gia nzima.

Sasa hicho chuma kizito. Pua ya gari la kisasa imeundwa ipondeke, ili kishindo cha ajali kiishie kwenye bati kabla hakijafika kifuani mwako. 504 haina eabegi (mifuko ya hewa) wala ABS (breki zinazozuia magurudumu yasikwame). Kama unabeba watoto kila siku, sisi hatuna mjadala: nunua la kisasa.

Moyo ukikataa (tunaelewa, nasi tunazipenda), usiihofie injini. Injini hufunguliwa ikarudi. Hofia kutu, hasa huku Pwani. Inua zulia utazame sakafu, pita chini ya milango, kisha fungua boneti uangalie pale shokapu za mbele zinapofungwa. Chukua sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa uipitishe kwenye bodi: pasiposhika, chini ya rangi kuna fila (lipu ya kuziba bati lililoharibika). Kuchomelea sakafu iliyooza kunaweza kupita bei uliyonunulia gari lenyewe.

Ilete kabla hujalipa. Tutaipandisha juu, tupime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya kila silinda na kukupigia picha za chini. Fielder tunaisoma kwa kompyuta na kukagua oili ya gia. Muuzaji pia mwambie aje. Akikataa gari lisikaguliwe, tafuta jingine.