Kaka, ule waya uliuchomoa wewe

Kaka,

Mwaka wa pili huu hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa, maana najua huwa unapitia.

Habari ya shamba siirudii, wazee walishaimaliza. Langu ni ule wimbo wa Charley Pride, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Mzee aliuomba kwa kinywa chake, nawe umesimama pale mlangoni: "Kiss an Angel Good Mornin'", upigwe kabla jeneza halijashushwa. Kijana wa spika akauweka. Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa hata chozi, akaanza kuufuatisha kwa midomo. Ubeti wa kwanza haukuisha. Ukapenya katikati ya waombolezaji, ukachomoa waya, ukasema Mzee hazikwi kwa nyimbo za wazungu zinazomtaja shetani. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika Mama mkono. Midomo yake ilibaki wazi.

Wazungu, Kaka? Si wewe uliyebishana na Mzee wiki nzima, siku kanda ilipokuja na jalada lake tukaona picha ya mtu mweusi? Ulisema kiwandani wamekosea picha. Baadaye ukayachimba mwenyewe, ukanisimulia huku unaizungusha kwa kalamu kanda iliyoliwa na redio, polepole, ulimi nje: kwamba alizaliwa Sledge, Mississippi, mwaka 1934, wazazi wake wakilima pamba kwenye shamba la watu, kwamba alicheza besiboli kwenye ligi za weusi, kwamba mwaka 1966 santuri zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha, watangazaji waisikie sauti kabla ya kuiona rangi. Mwaka 1971, mwaka wa wimbo huohuo, wanakantri wenyewe wakampa tuzo yao kubwa kuliko zote. Hata banjo, ukaniambia, asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani. Nani alinifunza hayo kama si wewe?

Shetani ametajwa, ndiyo, kwa namna ya kusema tu. Mume amwamkie mkewe kwa busu kama malaika, na akirudi nyumbani ampende kwa nguvu zake zote. Basi. Mzee alimwimbia Mama hivyo akitoka kukamua, ndoo ya maziwa mkononi. Ulikuwa unacheka mpaka chai inakupalia.

Desemba 2020 redio iliposema Pride amefariki kwa Covid, Mzee aliizima, akavaa koti, akaenda kukaa zizini. Hukuwepo. Nilimpelekea chakula, akakirudisha.

Nakushauri, kaka yangu, njoo umwone Mama. Mlete na mkeo. Usije na maneno ya redio kaseti, kwamba niliichukua usiku kama mwizi. Niliichukua kwa sababu nilikusikia ukimwahidi mtu. Na aliyelala kwenye kiti cha hospitali majuma matatu ni mimi, nikimwekea Mzee nyimbo zake sikioni kwa simu. Ningekuuliza vipi, nawe hupokei?

Mama huniomba ule wimbo asubuhi. Huimba mpaka pale ulipochomoa waya, kisha hunyamaza, na Pride anamalizia peke yake.

Kanda zako mbili za Kenny Rogers ninazo. Ile iliyokatika niliiunga kwa selotepu. Njoo uzichukue mwenyewe, sitampa mtu akuletee.