Aliyetolewa pafu asizidishiwe dripu

Mhariri,

Ndugu wengi wakikuta mgonjwa wao hana chupa ya dripu, huona ametelekezwa, na lawama zinamwangukia nesi wa zamu. Kwa aliyepasuliwa kifua, hasa aliyetolewa pafu zima, chupa hiyo mara nyingi imeondolewa kwa makusudi.

Pafu moja likitolewa, damu yote hupitia lililobaki. Nalo halijatoka salama: saa kadhaa limepumulishwa peke yake na mashine, na upasuaji umeshakata sehemu ya mirija ya limfu inayoondoa maji kifuani. Vishipa vyake vinavuja. Ukiongeza maji, yanapenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa huamka vizuri, anaongea, kisha siku ya pili au ya tatu anaanza kuhema, oksijeni inashuka, na kwenye eksirei pafu linaonekana jeupe. Watafiti Zeldin na wenzake waliandika kuhusu hali hii mwaka 1984. Hatari ni kubwa zaidi likitolewa pafu la kulia, kwa kuwa la kushoto ndilo dogo. Frusemidi, dawa ya kukojoza maji, haisaidii sana, maana kuta za vishipa zenyewe zimeharibika. Maji si chanzo pekee, ila ndicho kilicho mikononi mwetu.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: katika saa 24 za kwanza, maji yaliyoingia yasizidi yaliyotoka kwa zaidi ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 1,200. Pasipo na pampu ya dripu, kasi ya mililita 1 kwa kilo kwa saa ni matone 20 kwa dakika kwa mtu huyo, ukitumia mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita. Chupa ya nusu lita hapo inadumu zaidi ya saa 8. Ikiisha kwa saa 3, kuna aliyeifungulia.

Hesabu hii huharibika kwenye dawa. Parasetamoli ya mshipa ni mililita 100, mara nne kwa siku; metronidazo, dawa ya kuua bakteria, nayo mililita 100, mara tatu. Hizo ni mililita 700, zaidi ya nusu ya posho ya mtu yule, na kwenye chati ya maji mara nyingi hazipo kabisa! Anayeweza kumeza apewe vidonge.

Kosa jingine ni kuukimbiza mkojo. Siku ya kwanza mwili wenyewe huzuia maji kwa sababu ya homoni zinazoamshwa na upasuaji. Mkojo ukipungua chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, huku mikono ina joto na presha ni nzuri, si sababu ya kutundika lita nyingine. Presha ikishuka kwa sababu ya ganzi ya mgongoni, mishipa imelegea. Inahitaji dawa ya kubana mishipa, efedrini au noradrenalini kidogo. Lakini kwanza tazama chupa inayopokea damu kutoka kwenye mpira wa kifuani. Damu ikizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, mwite daktari wa upasuaji na uagize damu.

Hatusemi mgonjwa akaushwe. Figo nazo hufa. Ukavu huo mara nyingi tunautengeneza wenyewe, kwa kumzuia mtu asinywe chochote tangu usiku ilhali maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla ya nusukaputi, isipokuwa kwa wenye tatizo la tumbo kuchelewa kuisha. Anaingia chumba cha upasuaji na kiu, na dripu inafunguliwa kufidia. Kati ya maji ya dripu, Ringa lakteti ndiyo afadhali: maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana kloridi milimoli 154 kwa lita, kiasi kinachozidi cha kwenye damu, na yakiwa mengi huongeza asidi mwilini. Dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5 haifai kufidia damu wala presha, kwani haikai kwenye mishipa.

Kwa ndugu: mgonjwa akishaamka vizuri na kumeza bila kupaliwa, chai mnayomletea, akiinywa ameketi na nesi akiiandika kwenye chati, inatosha kuchukua nafasi ya chupa. Badala ya kuuliza kwa nini hana dripu, ulizeni ameingiza kiasi gani na ametoa kiasi gani tangu jana.

Wataalamu wa usingizi na ganzi,
Dar es Salaam