Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa mafundi wa vigari vya watoto vya betri

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wote hamjambo ndugu zangu. Niliambiwa niandike kifupi ila mwaka ulikuwa na mambo, mtanivumilia.

Kazi zilikuwepo. Sikukuu mbili za Idi ndo zilitubeba, wale wanaokodisha vigari Mnazi Mmoja na ufukwe wa Coco hapa Dar wengine walituletea siku moja kabla na sisi tukapokea vyote, tukakesha, vingine vikatoka havijapimwa vizuri. Mwaka ujao mwisho wa kupokea ni wiki moja kabla ya sikukuu, tushikilie hapo hapo hata kama ni ndugu yako.

Vingi ugonjwa ni uleule, betri. Mtu anakiweka kigari stoo tangu Krismasi hakukichaji hata siku moja, betri ya volti 12 inashuka chini ya 10 inakaa hivyo miezi, hiyo hata uichaji siku mbili haishiki tena. Naomba kila fundi amwambie mteja wakati anachukua gari lake, chaji mara moja kwa mwezi hata kama mtoto hachezi. Na chaja jamani! Vigari vya mtumba kutoka Japan chaja yake ni ya volti 100, vya Marekani 120, na ukutani kwetu ni 230, mteja kanunua kwenye kontena kafika nyumbani na furaha kachomeka, moshi. Vya Uingereza na Dubai havina hiyo shida. Soma maandishi ya nyuma ya chaja kabla hujachomeka chochote.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Kuna jeep ya viti viwili ilirudi kwetu, mama mmoja kaileta anasema inanuka. Tukafungua kiti, waya mwekundu umeyeyuka kutoka kwenye betri mpaka kwenye swichi ya pedeli, plastiki ya chini ya kiti imejikunja, na mahali pa fyuzi pamezungushwa uzi wa shaba mara tatu. Aliyefanya ni mwenzetu, alikiri mwenyewe mbele ya kamati na simtaji. Alitaka gari liende mbio, akaweka betri ya drili ya volti 18 kwenye gari la 12, mota zikavuta umeme mwingi, fyuzi ikawa inakatika kila saa, yeye akaona ubaya uko kwenye fyuzi. Ndugu zangu fyuzi ikikatika inakwambia kuna kitu, gia imekwama, au mota imeungua, au waya zimegusana, tafuta hicho kitu. Mtoto wa miaka minne anakalia hiyo betri, iko chini ya makalio yake kabisa. Kwa hiyo kamati imeamua, hakuna gari linatoka kwa fundi wetu bila fyuzi ya saizi iliyoandikwa na mtengenezaji, na atakayeunganisha moja kwa moja tutamtoa kwenye chama. Mimi nitasimamia hilo.

La furaha nalo lipo. Kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo, miguu haina nguvu ya kukanyaga pedeli. Wazo tulilitoa kwa Go Baby Go, kazi ya kurekebisha vigari kwa watoto wenye ulemavu, aliyoianzisha Profesa Cole Galloway akiwa Chuo Kikuu cha Delaware kule Marekani. Tukatoa pedeli tukaweka kitufe kikubwa chekundu katikati ya usukani, tukazungushia kiti mabomba ya plastiki yaliyovikwa sponji ili mgongo ushikike, na mota mbili tukaziunga kwa mfululizo badala ya sambamba, kila moja inapata nusu ya volti, gari linatembea polepole. Mtoto kabonyeza, gari likasogea kama nusu mita, kaachia, likasimama. Akauangalia mkono wake, kisha akabonyeza tena. Mama yake alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Hatukuchukua hela ya ufundi na nataka tufanye tena, mwenye kumjua mtoto wa hivyo mtaani kwake aniambie.

Betri zilizokufa zisitupwe mtaroni wala zisipasuliwe nyumbani, ndani mna madini ya risasi na tindikali. Kesi ya mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, watu walioumwa kwa sababu ya risasi ya betri, mahakama iliamua 2020, tuliisikia wote. Zikusanywe kwa katibu, tutauza kwa mnunuzi mwenye kibali.

Hesabu atasoma mhazini. Wenye madeni ya ada wamalize kabla ya mkutano, na mwenye testa ya chama airudishe, mafundi watatu wanapima volti kwa kubahatisha.