Mhariri, Eunice Muñoz hakuwa kikongwe

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa msichana. Hata katika miaka 18 niliyoishi Lisbon, dada yangu alikuwa akinifungia matoleo ya Jumapili na kunitumia kwa posta, yakanifikia habari zake zikiwa zimeshapoa. Muda wote huo sikuwahi kukuandikia. Nilivumilia ramani zilizopinduliwa, nikavumilia mafumbo ya maneno ambayo majibu yake hayakuchapishwa wiki iliyofuata, na nikavumilia hata picha ya waziri mmoja kuwekewa jina la mwingine. Lakini taarifa ya Jumapili iliyopita katika ukurasa wa burudani, ile iliyomhusu mwigizaji wa Ureno Eunice Muñoz, imenishinda kuivumilia.

Bila shaka unaikumbuka, kwa kuwa kichwa chake kilichukua karibu nusu ya ukurasa: "Kikongwe wa telenovela aliyegoma kustaafu." Kichwa kizima kina maneno matano, nami sijaona humo hata dai moja lililo sahihi.

Niliisoma taarifa hiyo kwa sauti barazani kwangu, kwa sababu nilitaka mjukuu wangu wa miaka tisa amjue mtu ambaye nimemsimulia mara nyingi. Nilipotamka neno la kwanza tu, mtoto akaniuliza: "Bibi, huyu naye walimuua kwa sababu ya macho mekundu?" Nikanyamaza. Mtoto hakufanya utani, wala hakuwa mjinga. Neno "kikongwe" amelisikia redioni na katika magazeti, likiwemo lako, na kila alipolisikia lilifuatana na mapanga, ramli na mama wa watu aliyedhaniwa mchawi, akakutwa amekufa nyumbani kwake usiku. Ninyi ndio mliolizoesha neno hilo kukaa karibu na neno "mauaji", kisha mkalichukua lilivyo, bila hata kulisafisha, mkalibandika juu ya picha ya msanii ambaye alipofariki serikali ya nchi yake ilitangaza maombolezo ya kitaifa. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida tu darasani, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mkongwe ni mtu aliyedumu katika jambo hadi jambo lenyewe likamtambua, ndiyo maana tunasema mwanasiasa mkongwe na fundi mkongwe. Kikongwe ni mtu ambaye uzee umemmaliza nguvu, hata akawa wa kushikwa mkono na kulishwa. Tofauti yake ni silabi moja, lakini katika silabi hiyo mmefuta miaka 80 ya kazi.

Naam, miaka 80, tena si kwa kukadiria. Eunice Muñoz alipanda kwa mara ya kwanza jukwaa la Teatro Nacional D. Maria II, lililopo uwanja wa Rossio katikati ya Lisbon, tarehe 28 Novemba 1941, akiwa na umri wa miaka 13. Aliliaga jukwaa hilohilo tarehe 28 Novemba 2021, akiigiza pamoja na mjukuu wake Lídia Muñoz. Yeye alikuwa na miaka 93. Mtu anayeaga kazi siku ileile na mahali palepale alipoianzia hakugoma kustaafu, Mhariri. Alistaafu kwa ustadi ambao wengi wetu hatukuujua siku ya kukabidhi funguo za ofisi. Alifariki miezi michache baadaye, Ijumaa Kuu ya tarehe 15 Aprili 2022.

Isitoshe, aliwahi kuacha kazi hiyo akiwa bado kijana, jambo ambalo mwandishi wenu angelijua kama angesoma zaidi ya mistari mitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa tayari ana jina na akiwa ameshatuzwa kwa filamu ya mwaka 1946 kuhusu mshairi wa Ureno Camões (huyohuyo aliyezitaja Mombasa na Malindi katika utenzi wake, kama mngetaka kitu cha kumgusa msomaji wa pwani), aliondoka jukwaani kwa takriban miaka minne, akawa muuzaji katika duka la bidhaa za magome ya mti, yale yanayotengenezwa vizibo vya chupa. Alirejea mwaka 1955 katika ukumbi wa Teatro Avenida akiigiza kama Joan wa Arc, yule shujaa wa kike wa Ufaransa, na watu walimiminika kumtazama.

Hayo ya mwaka 1955 sikuyasoma kitabuni. Niliyasikia kutoka kwa mama mjane niliyekuwa nikimtunza kule Lisbon, ambaye aliyashuhudia kwa macho yake akiwa binti, na hakuna mgeni aliyekunywa chai sebuleni kwake bila kusimuliwa. Mwaka 1993 televisheni ya taifa ya Ureno ilianza kuonyesha tamthilia iitwayo A Banqueira do Povo, ambamo Eunice Muñoz aliigiza kama Dona Benta, mwanamke anayepokea akiba za watu wa kawaida na kuwaahidi riba ya kutisha. Ilitokana na kisa cha kweli cha mama mmoja wa Lisbon aliyekuwa akilipa asilimia 10 kila mwezi, hadi alipokamatwa mwaka 1984. Aliyewahi kulizwa na upatu hahitaji kueleweshwa zaidi. Kireno changu kilikuwa bado cha kuokoteza, na nusu yake nilikipata mbele ya televisheni ile. Jioni moja nikasema, kwa nia ya kumfurahisha mama yule, kwamba yule mwigizaji wa telenovela ni hodari sana. Alizima televisheni. Alinigeukia akaniambia kwamba huyo si mtu wa telenovela, bali ni mtu wa jukwaani ambaye telenovela imebahatika kumpata, na kwamba nikilirudia kosa hilo nitapika chakula cha jioni bila redio. Sikulirudia. Ilikuwa ndiyo telenovela yake ya kwanza, Mhariri, baada ya miaka 52 ya uigizaji, na ninyi mmeifanya kuwa jina lake la ukoo.

Nalo jina lenyewe la ukoo limewaponza. Mlipoliona mkaamua kwamba yeye ni Mhispania, na katika aya ya nne mkaandika kwamba aliigiza kwa Kihispania. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1928 Amareleja, katika mkoa wa Alentejo nchini Ureno, kwenye familia ya waigizaji na wanasarakasi waliokuwa wakizunguka na maonyesho yao. Kama jina ndilo linaloamua taifa, basi nusu ya majirani zangu hapa Muheza ni raia wa nchi za Kiarabu.

Mwaka 2009, kabla sijarudi nyumbani, tulikwenda D. Maria II, mimi na mama yule, aliyekuwa amefika umri wa kutembea kwa fimbo. Tulikaa juu kabisa, kwenye viti vya bei ndogo. Jukwaani alikuwepo Eunice Muñoz peke yake, mwaka wa 81 wa maisha yake ukiwa umeshatimia, akizungumza maneno ya mwanamke aliyefiwa na mume, na hakukuwa na mwigizaji mwingine wa kumpokea wala wa kumkumbusha neno iwapo lingempotea. Halikumpotea. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma kwa umri wake, lakini baada ya muda nikasahau kwamba ana umri wowote. Alikuwa akishusha sauti hadi ukumbi mzima uinamie mbele kumsikiliza, kisha akaiacha sauti hiyohiyo itufikie sisi wa juu bila kuipaza. Mama yule alinishika mkono kwa nguvu hadi mwisho, na tukiwa kwenye teksi hakusema lolote, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza kwenye teksi. Sasa niambie, Mhariri, huyo ndiye kikongwe? Kikongwe ni nani basi, yeye au mwandishi ambaye hakuweza kubeba tarehe mbili kutoka chanzo chake hadi kwenye ukurasa bila kuziangusha njiani?

Kuna jambo jingine, nami nitalisema kwa kuwa nimeshakasirika. Kwenye kisanduku cha pembeni, katika ukurasa huohuo, mmemtaja Ruy de Carvalho, mwigizaji mwenzake, na mmemwita "gwiji". Nakubali, ni gwiji. Lakini Ruy de Carvalho alizaliwa mwaka 1927, yaani ni mkubwa kwa Eunice Muñoz kwa mwaka mmoja na zaidi. Chini yake mkamtaja mwongozaji Manoel de Oliveira, ambaye alitengeneza filamu hata baada ya kupita miaka 100, naye mkamwita "nguli". Kwa hiyo mwanamume akizeeka kwenye sanaa huwa gwiji, akipitisha karne huwa nguli, na mwanamke aliye mdogo kuliko wote wawili huwa kikongwe. Nimepekua magazeti yenu niliyoyahifadhi chini ya kitanda, na hali ni hiyohiyo kwa waimbaji wetu wa taarab na waigizaji wetu wa redio: wanawake mnawaita ajuza na bibi kizee, umri wao ukiwa kwenye mabano kabla hata ya kazi zao, wanaume umri wao hutajwa aya ya mwisho, ukitajwa.

Sitaki radhi ya mistari miwili kwenye ukurasa wa 14 chini ya tangazo la viwanja. Napendekeza mweke kopo tupu la maziwa kwenye meza ya anayeandika vichwa vya habari, na kila atakapomwandika msanii wa kike kuwa kikongwe, ajuza au bibi kizee, atumbukize shilingi 2,000. Kwa mwendo wenu, nakisia kopo litajaa kabla ya mwezi wa sita. Tarehe 28 Novemba ya kila mwaka fedha hizo zimnunulie tiketi yeye na mwandishi wa taarifa ile, waende kuangalia mchezo wowote wa jukwaani popote watakapoupata, wakae viti vya nyuma, na wazime simu zao. Zikibaki, zinunulie chumba cha habari kamusi ya Kiswahili, nayo ifunguliwe kwenye herufi M.

Wako,
Msomaji wa tangu zamani,
Muheza, Tanga.