Barua kwa mwanangu anayekwenda kufundisha

Mwanangu Rehema,

Barua hii naiweka begini, chini ya vitenge alivyokupa mama yako, uisome ukishafika Kasulu. Jana nilitaka kukwambia kwa mdomo, nikaanza mara mbili, na mara zote nikaishia kukuuliza kama umepiga pasi.

Ni lile neno. Juzi ulikuwa barazani unamfundisha mtoto wa jirani kutoa kwa kukopa. Akakosea, ukamwambia, "Mjinga wewe!" Nilikuwa ndani, nikasikia. Mtoto hakulia. Alifunga daftari, akaaga kwa adabu.

Najua utasema ni neno la kawaida, makonda wa Mbagala wanalitupa kila kituo. Konda hafundishi darasa la tatu, mwanangu.

Bibi yako wa Kisarawe alikuwa akituambia kwamba zamani huku pwani mjinga alikuwa mgeni aliyeshuka jana kutoka bara: hajui njia, hajui bei, hajui desturi. Wajinga ndio waliwao, maana yake analiwa kwa kuwa bado hajaijua bei ya soko, na akili zake timamu. Mwalimu Nyerere alipotaja ujinga, umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, wakati nchi inapata uhuru mwaka 1961, bibi hakuona ametukanwa, ingawa hakuweza kuandika hata jina lake. Ukaja 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima, akajifunga khanga akaenda kisomo jioni baada ya shamba. Waliitwa ngumbaru. Sisi watoto tulikuwa tukiwachungulia dirishani na kuwaimbia neno hilo, na sauti yangu aliijua. Hakuniambia kitu. Aliendelea mpaka akasoma barua zake mwenyewe.

Mpumbavu ni mtu mwingine kabisa. Huyo kaelezwa, kaelewa, na bado anafanya. Ukimwita mtoto mjinga kwa sauti ile ya juzi, yeye anasikia mpumbavu. Sauti ndiyo inayobeba neno. Na jahili je? Kwa Kiarabu ni asiyejua, lakini sisi Waswahili tukisema fulani ni jahili, mara nyingi tunamaanisha katili, hana huruma. Hilo nimelifikiria sana usiku wa juzi.

Kaka yako Idi hata leo akipewa chenji hugeukia ukutani kuihesabu. Usimuulize kwa nini. Mimi najua alikojifunzia, na si shuleni.

Wewe ni wa kwanza katika ukoo wetu kushika chaki, na pale msikitini nimewaambia watu mpaka wamechoka kunisikia. Lakini una haraka, Rehema. Ulikuwa wa kwanza kujibu darasani, ukadhani wote wanaona unavyoona.

Huko Kasulu mjinga utakuwa wewe. Kiha hujui hata salamu, hujui njia ya kisimani wala nani anaamkiwa vipi. Watakaokurekebisha, angalia wanavyokurekebisha. Mtoto akikuuliza usilolijua, mjibu, "Sijui, nitakwambia kesho," na kesho umwambie kweli. Lile neno usilitoe darasani. Hata kwa utani. Hata ukiwa umechoka na madaftari yamejaa mezani.

Kule ni milimani, kuna baridi kuliko hapa. Sweta la kijani liko mfuko wa pembeni. Maji uchemshe. Mshahara wa kwanza usitutumie, nunua godoro zuri. Mama yako anasema utume, mimi nimekataa. Lile bomba la uani bado linavuja, fundi kachukua hela ya vifaa na simu haipokei. Gesi iko karibu kuisha, tumerudi kwenye mkaa kwa maharage.

Mtoto wa jirani hajaja tena, jana wala leo. Daftari lake alilisahau chini ya kiti, nimeliweka juu ya kabati. Nikitoka kununua luku nitapita kwao nimwombe mama yake amruhusu aje, ile hesabu ya kukopa nitaimalizia naye mimi.

Baba yako